Mwalimu Machibya na Ukuta wa Korongo

Mume wangu ana ugonjwa ambao hospitali zote za Mwanza hazijaupatia dawa. Akiona udongo uliokatwa wima, lazima asimame, auinamie, auguse kwa kidole, kisha autajie umri wake. Haijalishi tunakwenda wapi. Tumewahi kuchelewa misa ya ndoa ya mtoto wa jirani kwa sababu greda lilikuwa limekata kilima kule njiani, na Mwalimu Pius Machibya akaona ni dhambi kupita bila kusalimia. Bwana harusi alikwisha kuvishwa pete, sisi bado tuko barabarani tunahesabu mistari ya udongo mwekundu.

Tunaishi Ilemela, nyumba juu ya mawe. Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha mawe ya Mwanza, lakini Mwalimu anayadharau. Anasema hayana matabaka, huwezi kuyasoma, ni kama daftari lisilo na mistari. Mimi Selina, Mkerewe, fundi cherehani, nimelala miaka thelathini na minane juu ya jiwe pamoja na mwanaume aliyelinunia jiwe hilo hilo.

Ugonjwa wenyewe aliuleta mwaka 1989. Alikuwa anafundisha jiografia, akapeleka wanafunzi kutembelea korongo la Olduvai, kule kwenye nchi kavu ng'ambo ya Serengeti. Wenzake walirudi na shanga za kuwapa wake zao. Wangu alirudi na vumbi puani na sentensi moja. Mwongoza wageni alikuwa amewasimamisha mbele ya zile kuta, akawaonyesha tabaka la majivu ya volkano, tabaka jekundu, tabaka la mchanga, akawaambia kwamba lililo chini ni la zamani na lililo juu ni la juzi. Basi. Mwanaume akashika hapo hapo kama aliyeonyeshwa mlango wa mbinguni.

Tangu siku hiyo nyumba yangu ikawa korongo. Alisoma shimo langu la taka akanieleza ni wiki gani tulikula sato na wiki gani tulikula dagaa tu. Alisoma kapu la nguo chafu. Aliniambia shati la kijani amelivaa Jumanne kwa sababu lipo chini ya la Jumatano, na mimi niliyelitupia mle kapuni kwa mkono wangu nilikuwa nimesimama pale pale. Nilipomwambia kwamba nililigeuza kapu asubuhi nikitafuta soksi, alitabasamu kwa huruma. Watu wasiosoma wanamsikitisha sana.

Sasa niwaambie habari ya wifi yangu, maana hapo ndipo kicheko changu huwa kinaishia.

Wilhelmina ni dada mkubwa wa Mwalimu. Ana miaka sabini na mmoja, mjane, watoto wake wako mbali kila mmoja na shida zake. Alipofiwa na mume alirudi Magu kwenye ardhi ya baba yao, na pale ndipo anapoishi. Bondeni analima mpunga kidogo. Juu, kandokando ya korongo, ana ekari tatu za mahindi, karanga na pamba. Hizo ekari tatu ndizo sahani yake. Ukimnyang'anya hizo, umemwambia akae barazani asubiri kulishwa na watu, na huyo si mtu wa kulishwa. Hata kuandikiwa barua hapendi, ingawa kuandika alikwisha kusahau.

Mwaka jana jirani yake, Maige, akapeleka shauri baraza la ardhi la kijiji. Alidai zile ekari tatu ni za babu yake, aliyekaa pale kabla ya Mzee Machibya kufika mwaka 1951. Ushahidi wake ulikuwa korongoni. Maji ya mvua yamekuwa yakiula ule upande mwaka hadi mwaka, na ukuta ulipobomoka ukaonyesha chini kabisa tabaka nene la majivu na vigae vya vyungu. Kila Msukuma aliyekuwepo alijua yale majivu ni ya nini. Yalikuwa ya shikome, ule moto wa samadi ambao wanaume wanauzunguka jioni, wanaota, wanafundisha vijana, wanasifia ng'ombe. Penye shikome palikuwa na boma la mtu. Swali likabaki ni la nani. Kama majivu ni ya kabla ya mwaka 1951, basi ni ya babu yake Maige na ardhi ni yake. Kama ni ya baadaye, ni ya Mzee Machibya, na Wilhelmina anabaki na ekari zake.

Mwenyekiti wa baraza, Bwana Elias, akasema kijiji kina bahati, kina mwanawe aliyesomea udongo. Wakampigia simu Mwalimu.

Mtu mwenye akili timamu angesema, jamani, huyo ni dada yangu, tafuteni mwingine. Mwalimu alipiga pasi suti.

"Sayansi haina dada," aliniambia.

Nilimjibu kwamba sayansi haina dada kwa sababu haijawahi kupelekewa gunia la mchele kila Krismasi. Hakunisikia. Alikuwa anatafuta rula.

Siku ya kusikilizwa shauri tulikuwa kama watu sitini pale korongoni. Mwalimu alishuka na suti yake na viatu vilivyong'arishwa, akasimama mbele ya ukuta uliomzidi kimo, na nikauona uso wake wa mwaka 1989 umerudi. Kweli ukuta ulikuwa mzuri, siwezi kumnyima hilo. Chini kabisa yale majivu. Juu yake udongo mweusi wa mbuga. Juu yake mchanga wa njano, kisha udongo wa mfinyanzi wa kijivu uliojaa magamba ya konokono wa ziwani, na juu kabisa changarawe nyeupe ya chokaa, iliyoota nyasi.

Kabla hajafungua mdomo, Wilhelmina alinyoosha mkono. Alisema ana neno kuhusu ule udongo. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani, na alikuwa amekwisha kupiga hatua moja mbele.

"Dada, subiri," Mwalimu akamwambia. "Haya ni mambo ya kitaalamu."

Watu wakacheka kidogo. Wilhelmina akaushusha mkono, akarudi akaketi juu ya jiwe. Na mimi, mwenye mdomo huu mnaousikia, siku hiyo niliufunga. Nilijiambia ni mambo ya ukoo wao. Bado najichukia kwa hilo.

Mwalimu akahutubia dakika arobaini. Akaeleza kwamba majivu yako chini, kwa hiyo yametangulia. Baada ya hapo mbuga ikafunika. Kisha mto ukaleta mchanga. Kisha ziwa lenyewe likapanda hadi pale, ndiyo maana ya konokono, likakaa miaka na miaka, halafu likakauka likaacha chokaa. Akapima kila tabaka kwa rula, akaandika, akajumlisha, akainua kichwa. Yale majivu, alisema, hayapungui miaka elfu tatu.

Elfu tatu. Sasa mimi nimeishia darasa la saba, lakini hata mimi nilijua kwamba kama majivu yana miaka elfu tatu, basi babu yake Maige alikula chumvi nyingi kuliko binadamu yeyote aliyewahi kukanyaga Usukuma. Hakuna aliyeuliza. Baraza lilikuwa na swali moja tu, kabla au baada ya 1951, na miaka elfu tatu ni kabla. Bwana Elias akaandika. Maige akapewa ardhi. Wilhelmina akaruhusiwa kuvuna kilichokuwa shambani, baada ya hapo asikanyage tena.

Mwalimu alirudi Ilemela kifua mbele. Simu zikaanza kuingia. Walimu wenzake wastaafu, katekista, mpaka mtu wa redio aliyetaka kumhoji kisha akasahau, wote wakamsifu kwa kutopendelea damu yake. Mtu wa haki, walimwita. Yeye alikuwa anajibu kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu anayetaka asikike anavyojishusha. Nilishona nikiwa nimempa mgongo.

Krismasi ilikuja bila gunia la mchele. Alimpigia dada yake simu, haikupokelewa. Akapiga tena Mwaka Mpya, mtoto wa jirani akapokea akasema bibi amesema hayupo, na nyuma yake tukasikia bibi mwenyewe akikohoa. Mwalimu akasema mtandao wa Magu ni mbaya. Tukasikia pia kwamba Maige amekwisha kukata ua wa minyaa uliopandwa na Mzee Machibya, na kwamba Wilhelmina siku hizi anakwenda kupalilia mashamba ya watu kwa kibarua. Kwa umri ule. Usiku huo niliisukuma pembeni sahani yangu ya ugali, na nilimwambia Mwalimu kwa nini.

Mambo yakageuka mwezi wa pili, kwa sababu ya choo cha Ngosha.

Ngosha ni jirani yetu wa upande wa chini, ambako kuna udongo kidogo kati ya mawe, na alikuwa amepata mafundi wa kumchimbia shimo la choo. Mwalimu, kama kawaida, akaenda kukagua. Nilimfuata kumwita chai. Nikamkuta amesimama, lakini hatazami shimo. Anatazama kifusi pembeni yake, lile lundo la udongo uliotolewa. Mbwa alikuwa amelichimbua ubavuni likakatika vizuri, na ndani lilikuwa na mistari. Chini udongo mweusi. Juu yake udongo mwekundu. Juu kabisa changarawe nyeupe, mbichi, ambayo fundi alikuwa anaitupa pale kwa chepe saa hiyo hiyo.

Mwalimu aliomba kiti. Ngosha akadhani ni jua, akaletewa maji. Hakuyanywa.

"Selina," akasema, "kilichotoka mwisho ndicho kipo juu."

Nikamwambia ndiyo, Mwalimu, ndivyo watu wanavyochimba choo, hawaanzii chini.

"Ule wa Magu haukuwa ukuta. Kilikuwa kifusi."

Ilinichukua muda kuelewa. Udongo wa juu ya ardhi hutoka kwanza, ukatangulia kumwagwa, ukawa chini. Wa kina kirefu hutoka mwisho, ukakaa juu. Mtu akichimba shimo kubwa halafu korongo likaja kulikata lundo lake miaka mingi baadaye, litaonekana kama matabaka ya tangu Nuhu, kumbe limepinduliwa, konokono wa chini kabisa wamekaa juu. Na majivu yaliyo chini ya lundo ni ya uwanja ule ule watu walipomwaga, pengine ya mwaka ule ule. Profesa wangu alikuwa amelisoma kapu la nguo lililogeuzwa, akampokonya dada yake shamba kwa kapu hilo.

Shimo kubwa lililo karibu na pale korongoni ni moja tu, lambo la Mzee Machibya, bwawa la kunyweshea ng'ombe. Siku hizi limejaa tope, mbuzi wanakula nyasi humo. Mwalimu alikuwa analifahamu vizuri sana. Alipokuwa na miaka sita alipelekwa kwa shangazi yake Igogo, mjini Mwanza, ili asome, na likizo moja akarudi Magu akakuta lambo lipo, limejaa maji, akaogelea. Hakuwahi kuuliza udongo wake ulikwenda wapi. Miaka thelathini na mitano ameuliza umri wa kila kichuguu, hilo halikumpitia kichwani.

Kesho yake asubuhi tukaenda Magu. Tulimkuta wifi uani anapepeta karanga. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kupepeta. Hakutukaribisha viti. Mwalimu alisimama juani ameshika kofia.

"Dada," akasema mwishowe, "udongo wa lambo mliumwaga wapi?"

Ungo ukasimama.

"Leo ndiyo unauliza," akasema Wilhelmina.

Akatueleza bila kupandisha sauti, na heri angepiga kelele. Lambo lilichimbwa kiangazi cha mwaka 1966. Baba alichimba, mama na kaka wawili, sasa marehemu, walijaza, na yeye alibeba. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la tatu. Alitolewa shule kwa ajili ya kazi ile na hakurudi tena. Udongo waliumwaga pale kwenye shikome la baba, kwa sababu zizi lilikuwa limehamishiwa upande wa pili. Hilo ndilo neno alilotaka kulisema siku ile alipoambiwa asubiri.

Mwalimu alikuwa anaikunja kofia yake. Nikasema mimi. Nilimwomba wifi msamaha kwa kunyamaza kwangu. Akaniambia nikae, nimsaidie karanga. Mdogo wake hakumwambia akae.

Kulifungua upya shauri hakukuwa rahisi. Bwana Elias alikuwa amekwisha kupiga muhuri, na muhuri kwake ni kitu kitakatifu. Maige naye akauliza kama miaka elfu tatu imekwisha muda. Simlaumu sana Maige, babu yake ndiye aliyemwambia, na mtu anamwamini babu yake. Wiki mbili Mwalimu alikwenda na kurudi Magu, akakaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji kama mwanafunzi mtoro, mpaka wakachoka kumwona, wakapanga siku ya kulisikiliza tena.

Watu wale wale sitini wakaja, na wengine zaidi, maana msomi akiaibika hakosi watazamaji. Mwalimu akasimama. Hakuleta rula. Nilikuwa nimemwandalia maneno mazuri, ya utangulizi, ya heshima kwa baraza. Aliyaacha yote.

"Nilikosea," akasema. "Anayeujua udongo huu ni dada yangu, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Muulizeni yeye."

Wilhelmina akaivua kandambili moja, kisha ya pili, akashuka korongoni na mpini wa jembe mkononi. Hakuhutubia. Aligusa ukuta kwa ule mpini, kuanzia chini. Majivu, shikome la baba. Huu mweusi, siku ya kwanza na ya pili, kazi laini, walikuwa wanaimba. Mchanga, siku ya tatu mpaka ya tano, ulikuwa unawaporomokea shimoni. Mfinyanzi, siku nne, huo ndio uliomvunja kaka mkubwa mgongo, na konokono wake yeye aliwaokota akatoboa akavaa shingoni. Chokaa, siku mbili, mpaka maji yakachuruzika. Siku kumi na moja za kubeba, basi. Miaka elfu tatu ya mume wangu ilikuwa siku kumi na moja za binti wa darasa la tatu.

Maige akasema hayo ni maneno, kila mtu ana maneno. Ndipo wifi akaweka mpini kwenye mfinyanzi, katikati ya konokono, akasema wachimbe kuanzia hapo kuelekea kushoto. Karai lake lilitoboka siku ya saba, akalitupa mle, mama akamchapa. Vijana wawili wakachimba. Walichimba muda mrefu mpaka nikaanza kusali. Kisha jembe likagonga, wakachomoa kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, lakini ule ukingo wake uliokunjwa wa kiwandani ulikuwa bado unaonekana wazi. Karai la dukani, chini ya ziwa la miaka elfu tatu. Bwana Elias akalishika, akaligeuza, akampa Maige alishike naye. Maige akalitazama, akalirudisha, akasema basi, mama abaki na shamba lake. Bwana Elias akautafuta muhuri wake mfukoni.

Watu walikuwa wanapanda kutoka korongoni, na hapo nilidhani tumemaliza. Lakini mgonjwa ni mgonjwa. Mwalimu alikuwa amebaki ameinamia ukuta, kidole kwenye mstari mwembamba kati ya mfinyanzi na chokaa, mstari wa vumbi gumu usiozidi unene wa kalamu, ambao mwaka jana aliupa miaka mia tatu ya ukame.

"Na huu, dada?" akauliza. "Huu hukuutaja."

Wilhelmina aliutazama kwanza.

"Hapo tulisimama siku mbili," akasema. "Baba alikwenda Mwanza kwa miguu kukupelekea viatu vya shule."

Mwalimu akakaa chini pale pale na suti yake, akalia mbele ya baraza zima, mzee wa miaka sitini na sita. Wengine wakageuza nyuso. Wilhelmina alisimama karibu yake ameegemea mpini, na hakumwambia anyamaze.